Fungu la Tisini na Sita

Faili liliingia kwenye meza ya Edigna Mlowe saa nne na robo asubuhi, na saa tano kasoro dakika kumi lilikuwa bado wazi mbele yake. Hilo halikuwa jambo la kawaida hata kidogo. Edigna alikuwa mweka misimbo wa hospitali moja kubwa ya Njombe kwa miaka ishirini na miwili, kazi ya kuupa kila ugonjwa namba yake ya kitabuni, na faili halikuwahi kupoa mkononi mwake. Ukimletea mguu uliovunjika, kabla hujapata pa kukaa ameshauandika: mguu upi, mfupa upi, umevunjikia wapi, na mwenyewe alikuwa anafanya nini alipoanguka. Vijana aliowafundisha kazi walimwogopa kwa sababu ya neno moja. Mtu akimalizia msimbo wake kwa "haijabainishwa" wakati taarifa zote ziko mezani, Edigna alimrudishia faili na kumtazama mpaka aone haya.

"Haijabainishwa ni uvivu uliovaa tai," alikuwa akiwaambia. "Mgonjwa ametoa damu, ametoa mkojo, ametoa siku yake nzima. Na wewe toa jibu."

Leo jibu alikuwa nalo, tena mawili, na kidole hakikutaka kushuka kwenye kioo cha kompyuta.

Matatizo yalianzia kwenye damu. Mashine ilikuwa imesoma seli mia moja za mgonjwa namba 4471: mwanamke, miaka ishirini na mitatu, urefu mita moja na sentimita arobaini na moja, hajavunja ungo, amekuja kwa sababu anakosa pumzi akibeba mizigo. Seli hamsini na nane zilikuwa na kromosomu X moja tu, pale ambapo wanawake wengi wana mbili. Thelathini na moja zilikuwa nazo mbili. Kumi na moja zilikuwa na tatu. Mtu mmoja, damu moja, hesabu tatu ndani yake.

Kwa mujibu wa kitabu cha misimbo, mwanamke mwenye seli zilizopungukiwa X anaandikwa fungu la tisini na sita. Mwanamke ambaye seli zake zinatofautiana idadi ya X anaandikwa tisini na saba nukta mbili. Huyu alikuwa yote mawili. Edigna alisoma maelezo chini ya fungu la kwanza, akasoma ya fungu la pili, akarudi kwenye la kwanza. La pili lilisema lisitumike pale la kwanza linapofaa. La kwanza halikusema linafaa lini. Waliokiandika kile kitabu, alijisemea, walikuwa hawajawahi kukaa chumba kimoja na binadamu.

Aligusa tisini na sita. Kama kawaida, kabla ya kuufunga msimbo, Daftari, mfumo wa kompyuta ulioendesha hospitali nzima, lilimwonyesha njia ambayo msimbo ungepita. Ungekwenda dirisha la dawa, homoni zitoke. Ungekwenda chumba cha moyo, mlango ufunguke, kwa kuwa wanawake wa fungu hilo mshipa mkubwa wa moyo huweza kutanuka kimyakimya hadi upasuke. Ungekwenda kwa wazazi. Ungekwenda masjala ya ndoa, kwa kuwa unagusa uzazi na kuna posa iliyoandikishwa. Ungekwenda nyumba ya mchumba: Benitho Mlowe. Ungekwenda kwa mpeleka posa: Edigna Mlowe.

Alisoma jina lake mara tatu, halafu akaondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

Faili zilikuja na namba tu, bila majina, ili mweka misimbo asimjue mtu. Lakini Benitho Mlowe alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na nyumbani kwa Benitho posa ilikuwa moja tu, ya kijana wao Erasto. Jumamosi, siku nne mbele, Edigna kama shangazi wa bwana harusi ndiye angeibeba hadi nyumbani kwa binti, kwa kina Mgaya: blanketi mbili, jembe jipya na maneno matamu. Blanketi zilikuwa chumbani kwake, bado zimo kwenye mfuko wake wa nailoni. Alikuwa amezichagua za rangi ya maziwa kwa sababu binti mwenyewe alimwambia anapenda rangi hiyo.

Namba 4471 alikuwa Vestina.

*

Cha kwanza alichofanya Edigna ni kile ambacho mtumishi yeyote mwenye akili angekifanya: alitafuta namna ya kulikimbia faili. Sheria ya hospitali ilikataza mtu kuandika msimbo wa ndugu yake. Akaliuliza Daftari kama ana undugu na 4471. Daftari lilitafuta, likajibu kwamba posa bado haijafikishwa, kwa hiyo undugu haujaanza, endelea na kazi.

"Lakini umeniweka kwenye orodha ya watakaoambiwa," Edigna aliandika.

Daftari likajibu kwamba kwa upande wa taarifa, posa iliyoandikishwa inatosha kumfanya mtu kuwa mhusika. Edigna aliyasoma majibu yote mawili yakiwa yamekaa juu na chini kwenye kioo kimoja, bila kuoneana haya.

Kibaya zaidi, sheria yenyewe ya kupeleka misimbo kwenye nyumba za wachumba aliwahi kuishangilia. Dada yao mkubwa alikuwa ameolewa na mtu aliyeficha ugonjwa wa figo. Miezi minane baada ya harusi alikuwa mjane mwenye mimba. Bunge lilipopitisha Sheria ya Uwazi wa Ndoa, Edigna alikuwa amekaa na wenzake ofisini, akapiga makofi mpaka viganja vikauma. Alikuwa ameiona sheria hiyo kwa macho ya dada yake. Hakuwahi kuiona kwa macho ya mtu aliye upande wa pili, mtu ambaye hajaficha kitu kwa sababu hata yeye mwenyewe hajakijua.

Akagusa tisini na saba nukta mbili ili aone njia yake. Msimbo ungeingia kwenye faili na kukaa. Hakuna masjala, hakuna Benitho, hakuna mpeleka posa. Dirisha la dawa lisingefunguka, na mlango wa chumba cha moyo ungebaki umefungwa. Mkaguzi yeyote angeupitisha bila kuuliza swali. Jumamosi angevaa kitenge chake kipya na kila mtu angekula vizuri.

Mlango uligongwa. Alikuwa Daktari Haule, kijana mrefu mwenye tabia ya kuinama hata penye dari la juu.

"Mama Edigna, samahani. Yule wa 4471 yuko kwenye benchi tangu saa mbili. Sina cha kumwambia."

Hakuwa anatania. Tangu mambo yote yaingizwe kwenye Daftari, daktari hakuruhusiwa kumtajia mgonjwa ugonjwa mpaka msimbo ufungwe. Ukishafungwa, Daftari lilitoa kauli, na daktari akaisoma. Kauli zilikuwa fupi na safi. Ya tisini na sita Edigna aliijua kwa kichwa, nayo ilikuwa na neno "utasa" kwenye mstari wa pili, ingawa kila daktari alijua kwamba wapo wa fungu hilo waliozaa.

"Ulimsikiliza kifua?" Edigna aliuliza.

"Nilimsikiliza."

"Ukasikia nini?"

Haule aliangalia mlangoni, akaingia ndani, akaufunga. "Nilisikia kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu. Siwezi kusema kitu gani bila picha ya moyo. Na picha sipewi bila tisini na sita." Akakuna shingo. "Lakini nimeona kwenye faili kwamba ana posa. Tisini na saba nukta mbili inakubalika, mama. Hakuna atakayekulaumu. Msichana anaolewa, anarudi baada ya mwaka, tunaandika upya."

"Na hicho kitu ulichokisikia kitasubiri mwaka?"

"Mimi nitajuaje?" Haule alisema, na sauti ikapanda. "Mimi nasoma kauli tu siku hizi. Wewe ndiye unayeandika."

Edigna alitaka kumwambia, huyu ni mkwe wangu, nimtoe wapi mtu wa kunisaidia, mwenzangu yuko likizo mpaka mwezi ujao. Badala yake alisema amwachie nusu saa. Daktari alipotoka, Edigna alibaki akitazama misimbo miwili, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili hakujua kazi yake ni nini hasa. Kuandika ukweli? Ukweli ulikuwa pande zote mbili. Kumlinda mgonjwa? Alindwe dhidi ya nini, dhidi ya mshipa au dhidi ya watu? Na huyu aliyekuwa akijiuliza maswali haya alikuwa mweka misimbo, au alikuwa shangazi anayetaka Jumamosi yake ipite salama? Aliona aibu, maana hakuweza kuwatenganisha.

Akaacha faili wazi, akachukua sweta, akatoka.

*

Vestina alikuwa amekaa kwenye benchi la upande wa jua, maana Njombe mwezi wa saba kivuli hakikaliki. Alikuwa na koti la kazi lenye udongo kwenye mikono, na kwenye kidole cha shahada amezungusha kipande cha utepe wa kubebeshea miche. Kazi yake ilikuwa kitaluni, kubebesha miparachichi, yaani kuunga kikonyo cha aina moja juu ya shina la aina nyingine, miche mia mbili kwa siku. Mmoja wa miche hiyo ulikuwa umepandwa uani kwa Edigna, zawadi ya siku ile Erasto alipomleta kumtambulisha. Alipomwona Edigna, Vestina alisimama na kupiga goti kidogo.

"Kamwene, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa."

"Sikujua uko huku. Erasto alisema uko ofisini."

"Niko ofisini. Ofisi ndiyo iko huku." Edigna alikaa. Benchi lilikuwa la moto kwa jua na hewa ilikuwa ya baridi, na hakujua aanzie wapi. "Vestina, kuna jambo siruhusiwi kukwambia. Nikikwambia naweza kufukuzwa kazi."

"Basi usiniambie," Vestina alisema haraka. Akauvuta utepe kidoleni. "Ni baya?"

"Sijui."

"Hujui? Erasto anasema shangazi yake anajua magonjwa yote kwa namba."

"Namba nazijua," Edigna alisema, na hapo machozi yakamlenga, akajikohoza ili yarudi yalikotoka.

Akamwambia. Alimwambia vibaya, kwa kurudi nyuma na kuruka mbele, kwa sababu hajawahi kumwambia mtu chochote katika kazi hii. Yeye alikuwa wa kuandika. Alisema kwamba ndani ya kila seli ya mwili kuna nyuzi zinazobeba maagizo, na kwamba wanawake wengi wana uzi wa X mara mbili. Alisema kwamba kwa Vestina kuna seli zenye mmoja, zenye mbili na zenye tatu, zote pamoja. Alisema ndiyo maana ni mfupi, na ndiyo maana siku zake hazijaja.

Vestina alisikiliza akifungua na kufunga ule utepe kidoleni.

"Mama alisema wengine huchelewa," alisema. "Nina miaka ishirini na mitatu nachelewa. Niliacha kuuliza kwa sababu kila nikiuliza analia." Akafikiri. "Ni kama mche niliobebesha? Shina la kienyeji, kikonyo cha kisasa juu?"

"Si hivyo. Mche una mahali palipoungwa. Wewe huna. Zimechanganyika tangu tumboni mwa mama yako."

"Sasa mimi ni yupi kati ya hao watatu?"

"Wote. Wewe ni Vestina."

"Hilo si jibu, shangazi."

"Najua."

Muuguzi alipita na kitoroli cha chai, akawaangalia, akaendelea. Edigna akamweleza yaliyobaki, na haya aliyasema kwa mpangilio mzuri zaidi kwa sababu yalikuwa ya ofisini: kwamba kuna misimbo miwili inayofaa. Mmoja unafungua chumba cha moyo, lakini unamtangazia kila mtu. Mwingine unanyamaza, na moyo haupimwi.

"Unanitangaza wapi?"

"Kwa baba yako na mama yako. Masjala. Kwa kaka yangu." Edigna alifunga kifungo cha sweta. "Na kwangu mimi."

"Kwako kama nani?"

"Kama mpeleka posa."

Vestina aligeuka akamtazama vizuri, na Edigna akaona kwamba binti huyu mfupi mwenye udongo mikononi hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi.

"Naomba nikuulize, shangazi, na usinione sina adabu. Hapa umekuja kama nani? Kama mtu wa hospitali, au kama mtu wa Jumamosi?"

Edigna angeweza kusema mtu wa hospitali, lakini mtu wa hospitali asingetoka ofisini. Angeweza kusema mtu wa Jumamosi, lakini mtu wa Jumamosi angeandika tisini na saba na kunyamaza.

"Ukiandika ile inayonyamaza," Vestina aliendelea, "Jumamosi utakuja?"

"Nitakuja."

"Na utanitazama usoni?"

Edigna alitazama kitoroli cha chai kikipinda kona.

"Nikianguka nikafa kitaluni nikiwa nimeshaolewa, hapo utaandika msimbo gani?"

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nauliza tu. Mimi ndiye ninayeishiwa pumzi." Aliweka kiganja kifuani. "Naogopa, shangazi. Naogopa moyo na naogopa watu, na sijui ninaogopa kipi zaidi. Asubuhi nilikuja hapa nikidhani nitapewa dawa ya kifua."

Edigna alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na mgumu kwa kisu cha kubebeshea. Alitaka sana kumwamulia. Angeweza, kidole kilikuwa chake. Lakini alikuwa ameshatoka ofisini kuja kumwambia, na mtu hamwambii mwenzake jambo la mwili wake halafu akaenda kuamua mwenyewe.

"Sema wewe," alisema. "Utakachosema ndicho nitakachoandika."

Vestina alitazama jua, akatazama utepe kidoleni.

"Andika ya moyo," alisema mwishowe. "Lakini Erasto asiisikie kwa Daftari. Aisikie kwangu."

"Msimbo ukifungwa, una dakika saba kabla haujatoka. Ni za sisi kusahihisha makosa ya kidole. Sisi tunaziita dakika za toba."

"Basi nipe hizo."

*

Waliingia wote wawili ofisini, jambo ambalo nalo lilikuwa kosa, lakini Edigna alikuwa ameacha kuyahesabu. Alimpa Vestina kiti chake. Akainama juu ya kioo akagusa tisini na sita, nukta tatu, na Daftari likauliza kama ana uhakika. Akagusa ndiyo, ingawa hakuwa nao. Pembeni ya kioo dakika saba zikaanza kushuka.

Vestina alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Erasto alikuwa kiwanda cha mbao, zamu ya msumeno, na pale hata mtu akikuita sikioni husikii. Akapiga tena. Zilikuwa zimebaki dakika tano na nusu. Edigna alijikuta anaiombea simu, yeye ambaye hakuwa mtu wa kuomba vitu vidogo.

Mara ya tatu ilipokelewa. Mlio wa msumeno ulijaa chumba.

"Ve? Niko kazini, nini?"

"Toka nje. Toka kidogo, tafadhali."

Mlio ulipungua. Vestina aliweka simu mezani, katikati yao, akaanza kusema. Alisema seli, akasema nyuzi, akasema moja na mbili na tatu, akachanganya zipi ni nyingi. Alisema mche, kisha akasema hapana si mche. Alisema moyo. Zilikuwa zimebaki dakika mbili na sekunde arobaini.

"Rudia," Erasto alisema.

"Siwezi kurudia, hakuna muda. Watamletea baba yako taarifa sasa hivi, na humo watakuwa wameandika vibaya."

"Kwani wameandika kwamba huzai?"

"Wameandika hivyo. Lakini si lazima iwe hivyo... Shangazi, ni lazima?"

"Si lazima," Edigna alisema kwa sauti ya juu kuelekea simu. "Baadhi huzaa. Wengi hawazai. Haijulikani."

"Shangazi yupo hapo?" Erasto alisema. "Mbona shangazi yupo hapo?"

Upande wa pili walimsikia akipumua, na nyuma yake mbao zikiangushwa.

"Sasa unaumwa au huumwi?" aliuliza.

"Sijui, Erasto. Ndiyo nakwenda kupimwa."

"Nakuja," Erasto alisema.

"Unakuja kufanya nini?"

Lakini alikuwa ameshakata. Vestina aliitazama simu ile mezani. Kuja kunaweza kuwa kuja kumshika mkono, na kunaweza kuwa kuja kumwambia usoni, kwa kuwa Erasto alikuwa kijana wa adabu na asingemwacha mtu kwa simu. Edigna alimlea yule kijana miaka minne, alimjua anavyokula na anavyolala, na hakujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Kioo kilionyesha sekunde kumi, kisha tano, kisha msimbo ukaondoka.

Simu ya Edigna ikatetemeka kwenye mfuko wa sweta. Aliitoa, kwa sababu Vestina alikuwa amekwishaiona.

*Mpeleka posa Edigna Mlowe. Taarifa ya uwazi imefunguliwa kuhusu mchumba. Je, posa iendelee? Ndiyo. Hapana. Usipojibu kufikia Ijumaa saa kumi na mbili jioni, jibu litahesabiwa hapana.*

"Utajibu nini?" Vestina aliuliza.

Edigna alitazama vile vitufe viwili. Kimoja kingekuwa ahadi kwa niaba ya kijana ambaye alikuwa njiani na hajasema anakuja kufanya nini. Cha pili hakutaka hata kukitazama.

"Sijui," alisema. "Twende kwenye moyo kwanza."

*

Chumba cha moyo kilikuwa mwisho wa korido ndefu, na Vestina alisimama mara mbili njiani kutafuta pumzi. Daktari Haule walimkuta nje ya ofisi yake ameshika karatasi ya kauli. Alimtazama Edigna, akamtazama mgonjwa na macho yake mekundu, akaelewa kwamba hana cha kusoma. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Nitakuja kuangalia picha," alisema tu.

Mlango ulikuwa wa chuma, na juu yake palikuwa na taa ndogo ya kijani iliyowaka walipokaribia.

"Namba 4471, karibu," mlango ulisema kwa sauti ya kike ya upole. "Kipimo kinachukua dakika hamsini. Anayekusindikiza ataje uhusiano wake. Watumishi na wasio ndugu wabaki nje."

Vestina alirudi nyuma hatua moja. "Nitaingia peke yangu," alisema. "Mama yuko Makete. Hakuna shida."

Alisema hivyo kama mtu aliyezoea kusema hakuna shida. Mkono wake ulikuwa umeukamata mkono wa sweta la Edigna, na hakuonekana kujua.

Edigna aliangalia ile taa ya kijani. Alijua kila kitakachotamkwa hapa kingeandikwa, kwa jina lake, kwenye Daftari lile lile. Mkaguzi angekiona. Kaka yake angekiona. Angeulizwa kwa nini Jumanne alijiita ndugu wa mgonjwa wakati posa haijafika, na kwa nini ile taarifa ya uwazi hakuwa ameijibu, na hakuwa na hata sentensi moja ya kumpa mtu yeyote.

"Shangazi," alisema.

"Asante," mlango ulisema. "Shangazi wa damu, shangazi wa ndoa, au haijabainishwa?"

Vestina alimtazama. Kwenye mfuko wa sweta simu ilitetemeka tena. Alikuwa Benitho sasa, bila shaka. Edigna aliiacha itetemeke. Miaka ishirini na miwili alikuwa amewarudishia vijana faili zao kwa sababu ya neno lile, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja lingekuwa ndilo jibu pekee la kweli alilonalo.

"Haijabainishwa," alisema.

Mlango ukafunguka, wakaingia wote wawili.